Siku Nilipomfanya Shangazi Mzungu

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimeanza wodi ya kifua. Koti jipya, refu kuliko mimi—natembea kama padri. Kundi letu limejaa watu wanaojua kila kitu isipokuwa choo kilipo. Mweusi ni mimi peke yangu. Si habari. Ni kama kuandika kwamba leo jua limechomoza.

Somo la kwanza alilitoa Profesa mwenyewe, mkubwa wa mapafu hapa. Wanafunzi wanamwogopa kama mbwa wa jirani. Ana tabia moja: akikaribia neno "weusi", anakohoa kwanza. Wagonjwa wenye—ehem!—rangi. Watu wa—ehem!—asili hiyo. Utadhani mwiba wa samaki umemkwama. Daktari wa mapafu mwenye kikohozi cha adabu! Kuanzia leo humu ndani anaitwa Profesa Kikohozi.

Akatuonyesha ukutani picha za watu waliokosa hewa. Midomo ya buluu, kucha za buluu. Picha baada ya picha, wote weupe kama unga. Nikanyoosha mkono. Je, kwa mtu kama mimi hiyo buluu inaonekanaje? Akakohoa. Kwa hao, akasema, angalieni kwa makini zaidi. Niangalie nini kwa makini zaidi? Uzoefu utakufundisha, akanijibu.

Halafu—ee Mola!—akaniita mbele. Nikapandisha mkono wa koti, akauonyesha mkono wangu kwa darasa zima. Mnaona? Hapa ni vigumu. Wakauinamia kama watu wanaotafuta kipini kilichoanguka kwenye zulia. Hawakuona kitu. Wangeonaje? Mimi ni mzima!

Jirani—huyu ninayekaa naye benchi moja, kijana mweupe, mrefu, roho nzuri, kalamu za kila rangi mfukoni—akaandika kwenye daftari lake: "Vigumu." Akapiga mstari chini yake.

Nyumbani Shangazi akauliza leo nimefundishwa nini. Nikamwambia nimefundishwa kwamba mimi ni mgumu. Akasema hilo angeniambia yeye, bure.

Alhamisi, 6 Februari

Raundi ya wagonjwa na Daktari Tabasamu. Ni msaidizi wa Profesa; anatabasamu hata anapotangaza msiba.

Tukafika kwa mama mmoja mweusi, amevunjika mbavu baada ya kuanguka kwenye ngazi akisafisha madirisha ya watu. Aliomba dawa ya maumivu. Tabasamu akamwambia ajikaze kidogo. Tulipotoka nje ya pazia akatupa elimu: miili ya watu hawa ni migumu, ngozi nene, maumivu hayawaingii sana. Hatujafika kitanda cha pili akaongeza: tena wana makelele, wakiumwa wanatia chumvi.

Tuelewane basi! Maumivu hatuyasikii, ila tunayapigia kelele. Chagueni moja, jamani! Hata wa kusingiziwa anastahili kusingiziwa kwa mpango.

Jirani alikuwa ameshaandika yote mawili. Akayatazama. Akakwaruza kichwa kwa kalamu ya kijani.

Raundi ilipoisha nikarudi kwa yule mama na nesi, nesi akampa dawa. Mama akanishika kiganja. "Mwanangu, wewe ni daktari?"

"Bado, mama. Nasoma."

"Basi harakisha."

Ijumaa, 7 Februari

Nimemkuta Shangazi ameketi katikati ya ngazi, mfuko wa viazi miguuni. Akasema anamsalimia paka wa jirani. Shangazi anachukia paka.

Jumapili, 9 Februari

Nimemsikiliza Shangazi kifua. Alikataa kwanza. Akasema stetoskopu yangu ni baridi kama maneno ya wifi yake. Nyuma, chini kabisa, kila akivuta pumzi, kuna sauti ndogo. Kama mtu anayebandua gundi polepole.

Sipendi sauti ile.

Amenilea tangu baba, kaka yake, alipofariki. Saluni yake iko chini ya nyumba yetu, chumba kimoja kisicho na dirisha. Miaka yote hiyo humo ndani: dawa za kulainisha nywele, spreyi, draya, moshi wa chanuo la moto. Wateja wanatoka wazuri, yeye anabaki na hewa yao. Nimemwambia aende kliniki ya kifua. Akasema kinyozi hajinyoi, na msusi haumwi. Nikamwambia hiyo ya pili ameitunga. Akasema methali zote zilitungwa na mtu.

Atakwenda Jumanne. Nimemtishia kwamba nisipopata usingizi nitafeli.

Jumanne, 11 Februari

Amekwenda. Amerudi. Kawaida!

Ndivyo alivyoambiwa na Daktari Tabasamu. Wamempulizisha kwenye mashine, pumzi yake ni ya kawaida. Kwa hiyo tatizo ni mwili mkubwa, umri, na wasiwasi. Aende nyumbani, atembee kila siku.

"Nitembee vipi," Shangazi ananiuliza mimi, kana kwamba ni mimi niliyesema, "na kilichonipeleka kwake ni kwamba siwezi kutembea?"

Alikuwa anatweta alipomaliza sentensi hiyo. Kawaida!

Jumatano, 12 Februari

Lazima niandike hili polepole, bado nimechanganyikiwa.

Leo mazoezi ya mashine ya kupuliza. Ni ileile ya jana ya Shangazi. Unaingiza kimo, umri, jinsia—na rangi. Mashine inakisia mtu kama wewe anapaswa kuwa na pumzi kiasi gani. Kisha unapuliza mpaka macho yatoke, inalinganisha.

Jirani akapuliza. Mashine ikamsifu: pumzi ya ajabu, juu sana ya kawaida! Akavimba. Akasema ni kwa sababu ya kuogelea. Akazunguka chumba kifua mbele kama jogoo aliyenunuliwa jana. Nikapuliza mimi. Kawaida tu. Akanipa pole! Akanishauri nami niogelee.

Fundi wa mashine, mama mmoja asiyependa maneno, akapita na kikombe chake cha chai. Akachungulia kioo. Mmesahau kubadilisha rangi, akasema, bado iko kwa mgonjwa wa asubuhi. Akabonyeza. Jirani alikuwa amepuliza akiwa mweusi! Aliporudishwa kwenye weupe wake akawa mtu wa kawaida kabisa. Bingwa wa kuogelea akakaa chini.

Nikamuuliza fundi kitufe kile kinafanya nini hasa. Kwa weusi kiwango kinashushwa, akasema. Mapafu yao ni madogo. Ndivyo ilivyokuja kutoka kiwandani. Akanywa chai.

Yaani: mweusi akipoteza sehemu ya pumzi yake kwa ugonjwa, mashine inamwambia hongera, kwa mweusi hiyo inatosha. Kama mwalimu anayempa mtoto karatasi yenye alama mbovu akimwambia, kwa ukoo wenu hizi ni nzuri, kapumzike.

Jirani aliacha kuandika. Mara ya kwanza tangu nimjue. Akaniangalia, akasema, "Shangazi yako si alipuliza jana?"

Jumatatu, 17 Februari

Nimemfanya Shangazi mzungu.

Saa za mazoezi tunaruhusiwa kuwapima ndugu zetu wakikubali. Shangazi alikubali kwa masharti: asiambiwe atembee. Alikuja na gauni la kanisani na wigi la Krismasi. Jirani akamwamkia vizuri, akamvutia kiti. Shangazi akaninong'oneza kwamba huyu kijana akipata mtu wa kumlisha atakuwa mtu.

Nikambana pua kwa kibanio cha mashine. "Hiki ni cha kuanikia nguo," akasema kwa sauti ya puani. Akapuliza. Nikaweka rangi: mweusi. Kawaida. Nikabonyeza: mweupe. Pumzi ileile, kifua kilekile, mama yuleyule. Kioo kikawa chekundu. Upungufu mkubwa.

"Umebonyeza nini?"

"Nimekufanya mzungu, Shangazi."

Akaitazama mikono yake, huku na huku. "Bila hata kuniaga!"

Jirani alicheka hadi akashika ukuta. Shangazi hakucheka. Alikuwa anafikiri. Anapofikiri hung'ata mdomo wa chini.

"Kwa hiyo nikiwa mzungu naumwa. Nikiwa mimi mwenyewe nimepona."

"Ndivyo mashine inavyosema."

"Basi niandikie dawa za huyo mzungu. Nitamfikishia."

Hapo na mimi nikacheka. Nikacheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi peke yake, Shangazi akanifuta kwa leso yake yenye harufu ya mafuta ya nywele. Majibu yote mawili nimeyahifadhi kwenye faili lake. Kesho naenda kwa Kikohozi.

Jumanne, 18 Februari

Nimekwenda. Ofisi yake ina kiti kimoja kizuri na kimoja cha wageni.

Akayatazama majibu. Akasema ya kwanza ndiyo sahihi, ya pili ni upuuzi. Nikauliza kwa nini. Sayansi, akasema. Imejulikana zamani kwamba mapafu ya, ehem, watu wa asili yenu ni madogo kidogo.

"Imejulikana na nani, Profesa?"

"Na wataalamu."

"Waliwapima akina nani?"

Hapo alikohoa kwa muda mrefu, nikakaribia kumpiga mgongoni. Akasema vipimo ni vya zamani sana, ila havijapingwa na mtu wa maana. Nikauliza: na mtu mwenye mama mweusi na baba mweupe, tunabonyeza kipi? Akasema mtu wa mapokezi anaangalia tu, inaonekana.

Inaonekana! Sayansi yote hiyo, mashine ya bei ya nyumba, na mwisho wake ni dada wa mapokezi anayemkodolea mtu macho kama anayechagua nyanya.

Nikamwambia Shangazi anatweta akisema sentensi. Nikamwambia ile sauti ya mgongoni. Nikadhani atauliza ni sauti gani, ipo upande gani. Daktari yeyote angeuliza. Badala yake akavua miwani, akauliza taratibu: nani amekuruhusu kubadilisha rangi ya mgonjwa?

Ijumaa, 21 Februari

Ujumbe wa kwanza, asubuhi: Chuo kinaunda Kamati ya Ngozi Zote. Kinanialika niwe mjumbe kwa sababu ya "mtazamo wangu wa kipekee".

Ujumbe wa pili, mchana, kutoka jengo lilelile: naitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu kwa kosa la kughushi asili ya mgonjwa.

Nimewasomea wateja saluni. Dada mmoja aliyekuwa amepakwa dawa nusu ya kichwa akauliza kama kughushi huko kunafanyika hata kwa wenye mikopo benki, maana naye angependa awe mzungu siku moja tu, Jumatatu. Shangazi akasema bei tutapanga. Wakacheka sana. Mimi sikuweza. Mtu akipatikana na kosa kama hilo hafanyi mtihani. Asipofanya mtihani—sitaki kuandika.

Jumatano, 26 Februari

Kamati ya Ngozi Zote. Ngozi zote zilikuwa moja, ukiondoa yangu.

Ajenda: sanamu za mazoezi, zile tunazozikandamiza kifua. Zote ni za waridi kama watoto wa nguruwe. Imeonekana rangi hii ndiyo inayotuumiza zaidi sisi wenye mtazamo wa kipekee. Mpya ni ghali. Kwa hiyo, baada ya majadiliano marefu na biskuti, imeamuliwa moja ipakwe rangi.

Rangi gani? Wote wakanigeukia.

Mama mmoja mpole akatoa kadi za duka la rangi za nyumba. Akaziweka shavuni kwangu moja moja. Kahawa ya Asubuhi. Chokoleti ya Jioni. Mbao za Kale. Wakapiga kura! Imeshinda Mbao za Kale. Nikauliza: na kile kitufe cha mashine? Mwenyekiti akasema ni swali zuri sana, liko nje ya ajenda. Akanisogezea biskuti.

Jumatatu, 3 Machi

Uzinduzi. Wapiga picha, maua, utepe. Mkuu wa Chuo akasema leo ni siku ya kihistoria. Profesa Kikohozi akasema—bila kukohoa, kwa kuwa alisoma kwenye karatasi—kwamba tiba haina rangi. Akaivua sanamu shuka.

Rangi haikuwa imekauka.

Mkuu wa Chuo akaweka viganja kifuani kwa sanamu ili apigwe picha, akatoka na Mbao za Kale mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akajifuta kwenye suruali. Ikawa suruali ya ngozi zote. Jirani, maskini, alichaguliwa kuonyesha kupuliza mdomo kwa mdomo. Aliinuka na midomo ya kahawia, watu wakapiga makofi. Sanamu ikabaki na mabaka: kahawia mashavuni, waridi mdomoni na kifuani, pale watu walipoigusa.

Tumepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, sanamu imepakwa rangi ya mlango.

Ningecheka wiki nzima. Lakini asubuhi, kabla sijatoka, Shangazi alisema leo hafungui saluni. Hajawahi. Alifungua hata siku ya pili baada ya mazishi ya baba.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikuwa wodini nesi akaniita: nenda kliniki, mama yako ameanzisha biashara.

Shangazi alikuwa amekwenda kuomba aonwe tena. Wakamwambia majibu yake ni ya kawaida, nafasi ipo mwakani. Akasema sawa, mwakani si mbali, atasubiri. Akaketi pale mapokezi. Akafungua mkoba: vitana, nyuzi, mafuta. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na binti yake akamtania, akamwambia amsuke mtoto wakati wanasubiri. Akamsuka. Nilipofika kulikuwa na foleni mbili, ya daktari na ya Shangazi. Ya Shangazi ilikuwa inakwenda. Hata dada wa mapokezi, na nywele zake nyepesi kama moshi, alikuwa ameshapata msuko mmoja wa pembeni.

Daktari Tabasamu akatoka. "Mama, hapa ni hospitali."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuja hapa, sikwenda posta."

"Ulishapimwa. Uko kawaida."

"Nimefurahi. Wewe nenda na huyo wa kawaida. Mimi na huyu anayeshindwa kupanda ngazi tutabaki hapa mpaka apate daktari."

Watu wakacheka. Tabasamu naye akatabasamu, atafanyaje. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikaona. Kila baada ya mistari michache ya kusuka Shangazi aliacha mkono kichwani kwa mtoto, akafumba macho, akaitafuta pumzi. Halafu akaendelea, kana kwamba alikuwa anapima mstari. Wateja wote wale, na hakuna aliyejua kwamba alikuwa anapumzika.

Tabasamu akasaini picha ya kifua, ile kubwa ya kuingia kwenye mashine ya duara. Alisaini ili aondoke. Sijali. Saini ni saini.

Jumanne, 11 Machi

Makovu. Chini, mapafu yote mawili.

Daktari wa picha hakumwona Shangazi. Aliona picha tu, nyeusi na nyeupe kama picha za kila mtu. Hakuuliza asili ya mtu. Aliandika alichokiona.

Tabasamu alitueleza. Mara ya kwanza nimemwona bila tabasamu. Kumbe ana uso wa kawaida, hata wa huruma. Makovu hayafutiki. Kuna dawa ya kuyachelewesha. Kazi ya saluni basi, kuanzia leo. Kama yangegundulika mapema zaidi—sentensi hiyo akaiacha hapo hapo, mlangoni, kama mwavuli wa mtu.

Shangazi alikuwa amekunja mikono juu ya mkoba. "Na siku ile niliyoambiwa niko kawaida? Mashine iliharibika?"

"Hapana, mama. Mashine ilifanya kazi kama inavyotakiwa."

"Hilo ndilo linalonitisha," akasema Shangazi.

Tulipofika nyumbani, akasimama mbele ya saluni, akasukuma mlango kuona kama umefungwa. Ulikuwa umefungwa. Akausukuma tena.

Ijumaa, 14 Machi

Kikohozi ameniita. Kiti kizuri safari hii! Akanipa pole ya Shangazi. Akasema picha ni jambo moja, nidhamu ni jambo jingine. Majibu ya picha hayafuti kosa. Ila yeye hataki kuniona nikiharibikiwa, nina kipaji. Jumatatu, mbele ya Kamati ya Nidhamu, niseme tu kidole kiliteleza. Nilitaka kubonyeza mweusi, kidole kikaenda kwa mweupe. Bahati mbaya. Kamati itanionya kwa mdomo, nitafanya mtihani, yameisha.

Nikamuuliza: kama ni kidole kiliteleza, je, wengine? Wote waliopuliza hapa miaka yote hiyo wakaambiwa kawaida?

Akakohoa. Akasema tusichanganye mambo.

Nimeelewa. Kidole changu kikiteleza, hakuna haja ya kumwita mtu yeyote arudi kupimwa. Kidole kimoja, na wote hao wanabaki wazima!

Jirani anasema atasimama aseme naye alikuwepo. Nimemkataza. Amesema sijamzuia kuja, nimemkataza kusema tu. Tofauti hiyo ameitoa wapi sijui.

Jumapili, 16 Machi

Tumegombana. Mimi na Shangazi, ambao hatugombani ila juu ya chumvi kwenye mboga.

Anasema niseme kiliteleza. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Funika kombe mwanaharamu apite. Ana methali ya kila aina ya kunyamaza, sikujua!

"Shangazi, ni wewe uliyekaa mapokezi ukasuka hospitali nzima!"

"Mimi sina cheti cha kunyang'anywa." Akavuta hewa. Sasa anavuta kwa mabega. "Nilisuka vichwa vya watu ili wewe usome. Hewa yangu imeishia mle ndani. Usipokuwa daktari, nimeipeleka wapi?"

Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Baadaye akanifuata, akaegemea mlango. Akasema yule mama wa mbavu niliyemsimulia habari zake, aliyeniambia niharakishe, ndiye anayemfikiria. Nikadhani amebadili mawazo. Nikauliza: kwa hiyo niseme ukweli? Akasema hakusema hivyo. Alisema anamfikiria tu.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika kwenye benchi, korido ya kliniki ya kifua. Chumba cha mikutano kiko mwisho wa korido hii hii, mlango wa pili kutoka kwa ile mashine. Wamenitoa nje kidogo. Nitafakari, wamesema.

Ndani ni watu watano nyuma ya meza na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Mwenyekiti alisoma shitaka. Kwamba mimi, nikijua, nilimwandikisha mgonjwa mweusi kuwa mweupe. Alisoma kwa uso mkavu kabisa! Mjumbe mmoja akauliza kama mgonjwa mwenyewe alilalamika. Nikasema alilalamika kwamba sikumuaga. Hakuna aliyecheka. Jirani, aliyepenya na kukaa nyuma, alitoa sauti kama birika linalochemka, akaombwa atoke. Amekaa ghorofa ya chini sasa, ananitumia ujumbe wa vidole gumba.

Kisha swali. Mwenyekiti aliliuliza kwa upole, kama anayemfungulia mtu mlango: je, inawezekana kwamba kidole kiliteleza?

Nikafungua mdomo. Akilini nikamwona Shangazi akiegemea mlango wa jikoni. Nikafunga mdomo. Ndipo wakasema nitoke, nitafakari.

Natafakari. Koti linanibana kwapani. Nikisema kiliteleza, mwakani mimi ni daktari, nitasaidia wengi, nitabonyeza ninavyotaka. Wangapi wamejiambia hivyo kwenye benchi hili? Kikohozi naye aliwahi kuwa kijana—

Kuna mtu ametoka chumba cha mashine. Mwanamume mweusi, umri ambao baba angekuwa nao, viatu vya kazi vyenye vumbi la saruji. Anatembea akishika ukuta. Ameona koti langu, anakuja. Amekaa. Hawezi kuongea mpaka apumzike kwanza. Ananiomba radhi kwa mkono: subiri, binti, subiri.

Amesema. "Shikamoo" yangu hajaiitikia hata, ameanza moja kwa moja. "Daktari, wameniambia niko kawaida. Nataka kuuliza tu. Mtu wa kawaida analala amekaa?"

Mlango wa mikutano umefunguliwa. Katibu amesimama pale, ananiita kwa jina, anasema wajumbe wako tayari, nimeshatafakari?

Mzee ananiangalia mimi. Hamwangalii katibu.

Nimemwomba mzee ageuke, ainue shati nyuma. Stetoskopu ni baridi, nimemwambia anisamehe. Katibu ameita tena. Nimemnyooshea kidole anyamaze, kidole kilekile ambacho hakikuteleza. Nasikiliza—